Sura ya Saba: Ghala Linalovuka Maji

Gatini Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, saa haina kauli. Kauli ni ya maji. Yakipwa, mashua hulala ubavu kwenye tope na abiria hukaa kivulini wakisubiri. Yakijaa, nahodha husimama, hushika pondo, na kila mtu hujua wakati umefika. Asubuhi ninayoikumbuka nilifika maji yameshapwa. Mkononi nilikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani ya ndoo, imezungushiwa kanga na kipande cha turubai, diski moja isiyozidi ukubwa wa kiganja.

Diski ile ilibeba ghala la Debian 12, mfumo huria wa kompyuta wa jamii ya Linux uliotolewa Juni 10, 2023 ukiwa na mafurushi 64,419 ya programu. Lilikuwa linakwenda kwenye shule moja ya sekondari ng'ambo ya mikondo ya Rufiji, ambako kompyuta za msaada zilikuwapo, umeme wa jua ulikuwapo, na mtandao wa simu ulikamatika kwa kusimama mahali pamoja tu, karibu na mwembe. Ilikuwa safari yangu ya pili. Ya kwanza ilishindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonifundisha nitakayoyasema katika sura hii.

Pembeni ya gati mzee mmoja alikuwa anapanga miti ya mikoko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, maji bado."

Nikakaa, nikamtazama. Fito mahali pake, pau mahali pake, kisha mazio, kisha boriti, na nguzo mwisho kabisa. Mpangilio ule hakuubuni yeye. Kuanzia Lamu hadi huku kusini, watu wa mikoko wameigawa miti kwa unene wa shina: mazio ni mti wa kipenyo cha sentimita 8 hadi 11.4, boriti ni 11.5 hadi 13.9, na kuendelea juu ni nguzo na vigogo. Huhesabiwa kwa korja, na korja moja ni miti 20. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi yalibeba korja hizo hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti.

Mwashi wa Unguja aliyeagiza korja tatu za boriti hakuwa na haja ya kumjua mkata miti wa Salale, deltani, wala kuuona msitu. Jina moja lilitosha. Aliyeipanga miti ile kwa majina na vipimo alimfanyia kazi mtu ambaye hatakutana naye maisha yake yote.

Hilo ndilo jambo la sura hii. Programu huria huwa huru kwenye karatasi siku leseni yake inapoandikwa. Huwa huru mkononi mwa mtu siku mtu mwingine anapoipanga, ikaweza kupatikana, kubebwa, kukaguliwa na kuaminiwa na aliye mbali kuliko wote. Kazi hiyo ya kupanga haina sifa nyingi. Wanaoifanya kwa Debian ni watu wapatao elfu moja wenye dhamana rasmi, pamoja na wasaidizi wengi, waliotawanyika duniani na wasiolipwa na mradi wenyewe. Nataka msomaji aione kazi hiyo kama nilivyoiona mimi, nikiwa nimekaa Nyamisati nasubiri maji.

Furushi na ndugu zake

Kwanza neno. Kwa Mtanzania, kifurushi ni bando la simu. Kwa hiyo nitasema furushi na mafurushi, kwa maana ya programu iliyofungwa pamoja na vyote vinavyohitajika kuisimika: faili zake, maelekezo ya mahali pa kuziweka, na kikaratasi cha maelezo. Kikaratasi hicho kinataja jina la furushi, namba ya toleo, mtunzaji wake, aina ya kompyuta inayolifaa, na mstari ulio muhimu kuliko yote: mafurushi mengine ambayo hili haliwezi kufanya kazi bila hayo.

Mstari huo ndio ulioniangusha safari ya kwanza. Nilidhani kubeba programu ni kubeba faili zake. Nikafungua folda ambamo kompyuta yangu huweka mafurushi iliyokwisha kuyapakua, nikakopi yote kwenye flashi, nikapanda mashua. Miongoni mwake kulikuwa na Kalzium, programu inayoonyesha jedwali la elementi za kemia, ambayo mwalimu wa sayansi alikuwa ameiomba. Tulipoisimika, kompyuta ilijibu kwamba kuna maktaba za programu inazozihitaji na hazipo. Kwenye flashi hazikuwamo, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa nazo tangu siku iliposimikwa na haikuwahi kuzipakua tena. Nilileta mtoto nikawaacha ndugu zake wote Dar es Salaam.

Mwalimu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ningeweza kujua mapema ni ndugu gani wanaohitajika. Jibu ni ndiyo, na jibu hilo limekuwa likiandikwa na kusahihishwa na watunzaji kwa zaidi ya miaka 30, tangu Ian Murdock alipoutangaza mradi wa Debian Agosti 16, 1993. Kila furushi linataja yale linayoyategemea, na hayo yanataja mengine, hadi mnyororo uishe. Programu iitwayo apt huufuata mnyororo huo badala ya binadamu. Lakini apt haisomi mafurushi yenyewe. Inasoma faharasa, yaani orodha inayokaa mlangoni mwa ghala na kueleza kila kilichomo ndani. Mimi nilibeba bidhaa nikaiacha faharasa. Lundo la faili lisilo na faharasa halina tofauti na miti iliyomwagwa ufukweni kabla ya mzee kuipanga: mti wako unaweza kuwamo, ila huna njia ya kujua.

Bwawa moja, milango mingi

Ghala la Debian lina sehemu mbili kubwa. Moja huitwa pool, na kwa Kiswahili nitaiita bwawa. Humo ndimo mafurushi yanamokaa. Nyingine huitwa dists, nayo ni milango: faharasa za kila toleo. Mlango hauna furushi hata moja ndani yake. Unaeleza tu kwamba kwa toleo hili, furushi fulani ni lile lililoko bwawani mahali fulani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani kila toleo lilikuwa na folda yake yenye mafurushi yake. Furushi lilipopanda kutoka toleo la majaribio hadi toleo kamili ilibidi lihamishwe, na kila aliyekuwa na nakala pacha ya ghala, popote duniani, aliona faili mpya na kuipakua upya, ingawa ni kitu kile kile alichokuwa nacho jana. Mwishoni mwa mwaka 2000 ndipo bwawa lilipoanzishwa. Tangu wakati huo furushi huingia mara moja likakaa pale pale. Kinachobadilika ni orodha zinazolielekeza. Kwa mwenye mkonga wa intaneti badiliko hilo ni unadhifu tu. Kwa mwenye kulipia kila megabaiti, lilimwondolea mzigo wa kununua kitu kimoja mara mbili.

Tulitafute bwawani furushi linalotuhusu sisi: hunspell-sw, kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Ni furushi dogo. Picha moja ya simu mara nyingi huwa nzito kulishinda. Mtu angedhani liko chini ya herufi h. Haliko huko. Bwawa limepangwa kwa jina la chanzo, yaani mradi ambao mafurushi yametengenezwa kutoka humo, na kamusi yetu inatoka kwenye chanzo kimoja na kamusi za lugha nyingine nyingi, kiitwacho libreoffice-dictionaries. Kwa hiyo njia yake ni pool, kisha main, kisha libr, kisha libreoffice-dictionaries. Kwa nini libr na si l peke yake? Kwa sababu majina yanayoanza na lib ni mengi mno. Yangewekwa yote kwenye folda moja, folda hiyo ingefurika. Hivyo majina ya namna hiyo hupangwa kwa herufi nne za mwanzo, na mengine yote kwa herufi moja.

Mpangilio wa chanzo una maana zaidi ya unadhifu. Ndugu waliozaliwa pamoja hukaa pamoja. Kosa likipatikana kwenye chanzo, mtunzaji hulirekebisha mara moja, na mafurushi yote yaliyotoka humo hujengwa upya. Pembeni yake bwawani umekaa msimbo wenyewe ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma. Mwisho wa jina la faili ya kamusi kuna neno all, yaani inafaa kwa kompyuta za aina zote, kwa kuwa maneno hayajali aina ya mashine.

Mashine nazo zina mambo yake. Shuleni kulikuwa na kompyuta mbili kongwe za biti 32. Ghala hutenga faharasa kwa kila aina ya kichakataji, na kompyuta kama hizo zina mlango wao uitwao i386. Debian 13, iliyotoka Agosti 9, 2025, haina tena kisimikaji wala kiini cha mfumo kwa ajili ya kompyuta hizo. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuzipokea kikamilifu. Anayepokea kompyuta za msaada vijijini anapaswa kulijua hilo kabla ya kupakia mzigo, maana maghala ya dunia husonga mbele na mashine zetu mara nyingi ndizo zinazobaki nyuma.

Ngazi tatu za subira

Milango ya ghala imepangwa kwa ngazi. Furushi jipya huingia kwanza kwenye ngazi iitwayo unstable, ambayo ni ya wanaotaka kujaribu na kugundua makosa. Likikaa humo siku mbili, tano au kumi kwa kadiri ya uharaka wake, bila kuleta kosa kubwa jipya na bila kuvunja yanayolitegemea, hupanda ngazi ya testing. Baada ya takribani miaka miwili, testing yote hufungwa, husafishwa, na kutolewa kuwa stable, toleo kamili. Toleo hilo likishatoka, yaliyomo hayabadilishwi ila kwa marekebisho ya makosa makubwa na ya usalama.

Wapo wanaolalamika kwamba stable ni kongwe siku inayotoka. Nilikuwa mmoja wao hadi Machi 29, 2024. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali, kulikuwa kumefichwa mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Aliyeupandikiza mlango huo alikuwa amejijengea imani kwa miaka kadhaa, akisaidia kuutunza mradi kama mtu mwema. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia unstable na testing. Stable hayakuifikia.

Kilichoiokoa shule ya delta, bila yenyewe kujua, ni subira iliyojengwa ndani ya mpangilio. Hakuna aliyekuwa ameitambua sumu ile mapema na kuizuia mlangoni. Ngazi zilikuwapo tu, na zilitoa muda wa jicho moja makini kuona. Shule isiyo na mtaalamu, inayopata marekebisho kwa mashua, haiwezi kuwa mahali pa kugundulia makosa ya dunia. Ipewe kilichokwisha kutulia.

Uhuru wenye rafu yake

Mgawanyo mwingine unafuata leseni. Julai 1997 Debian ilipitisha Mkataba wake wa Kijamii, na ndani yake miongozo ya kuamua programu ipi ni huria: je, unaweza kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa? Iliyotimiza masharti hukaa sehemu iitwayo main. Iliyo huria lakini inategemea isiyo huria hukaa contrib. Isiyotimiza huwekwa non-free, kando, na jina lake liko wazi. Furushi jipya halijiingizi lenyewe. Kuna kikundi kidogo cha wasimamizi wa ghala wanaolifungua, kusoma leseni zake na kulikagua jina kabla ya kulipa nafasi.

Kwa miaka mingi msimamo huu uliwatesa watu wa kawaida kwa njia moja: kadi nyingi za WiFi hazifanyi kazi bila programu ndogo ya ndani iliyofungwa na kampuni iliyozitengeneza, na kwa kuwa haikuwa huria, haikuwamo kwenye kisimikaji rasmi. Mtu alisimika mfumo vizuri, akajikuta hana mtandao wa kupakulia kile ambacho kingempa mtandao. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura. Programu hizo zikaruhusiwa kuwamo kwenye kisimikaji rasmi, na kuanzia Debian 12 zina rafu yao mpya, non-free-firmware, iliyotengwa na vitu vingine visivyo huria.

Nimeutafakari uamuzi ule sana. Njia mbili rahisi zilikuwapo: kukataa kabisa, au kuchanganya kila kitu na kunyamaza. Walichagua kuongeza rafu na kuiandika jina, ili mwenye shida ahudumiwe na ukweli ubaki mahali pake. Mwalimu aliponiuliza kama kila kitu ndani ya diski ni huria, niliweza kumwonyesha kwa kidole: hii sehemu ndiyo, na hii ndogo hapa siyo, na sababu yake ni hii.

Nyundo ya msitu

Ukisafiri barabara ya kusini utakutana na vizuizi vya maliasili. Lori la magogo likisimama, mkaguzi hatazami sura ya dereva peke yake. Hutazama hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kisha hutazama kitako cha gogo, palipogongwa nyundo. Alama ya nyundo inasema gogo hili lilipimwa na kuruhusiwa na mwenye mamlaka. Delta ya Rufiji inazijua taratibu za namna hii kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za nchi. Mikoko yake, inayofunika zaidi ya hekta 50,000 na kuwa msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya hifadhi ya serikali ya Kijerumani mwaka 1898.

Ghala la Debian nalo lina nyundo. Kila furushi hupigiwa hesabu inayozaa alama ya herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya furushi, alama yote hugeuka. Alama za mafurushi zimo kwenye faharasa. Alama za faharasa zimo kwenye faili moja iitwayo Release. Na faili hiyo husainiwa kwa ufunguo wa siri wa wasimamizi wa ghala. Kila kompyuta ya Debian huja na ufunguo wa hadharani wa kuthibitisha sahihi hiyo. Sahihi moja, kwa mnyororo huo, inalinda mafurushi zaidi ya 64,000.

Novemba 2003 seva kadhaa za mradi ziliingiliwa na wavamizi. Uchunguzi ulionyesha kwamba ghala lenyewe halikuguswa, lakini tukio lile lilimkumbusha kila mtu kwamba kuiamini seva hakutoshi. Debian 4.0, iliyotoka Aprili 2007, ilikuja na apt inayokagua sahihi hizo yenyewe.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini diski yangu ingeweza kusafiri. Nilipoipakia kwenye mashua niliikabidhi kwa nahodha; ikakaa karibu na magunia na madumu; ikashikwa na mikono nisiyoijua. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuaminiwa, hata mimi. Kompyuta ya shule iliikagua sahihi, ikazikagua alama, ikakubali. Kama ningekuwa nimechomeka kitu changu humo, ingekataa. Imani imefungwa ndani ya mzigo wenyewe, na mzigo wa namna hiyo unaweza kupita njia yoyote: mkonga wa baharini, basi la Kibiti, au ndoo yenye mfuniko.

Sharti moja tu lizingatiwe. Orodha za marekebisho ya usalama hubeba tarehe ya kuisha, siku chache baada ya kusainiwa, ili mtu mwovu asiweze kukulisha ya zamani ukadhani ni ya leo. Anayebeba kwa diski atalazimika kuiambia apt iipuuze tarehe hiyo, na akifanya hivyo amejitwisha wajibu wa kurudi na diski mpya. Diski moja iliyopelekwa kwa sherehe na kusahaulika huoza kama samaki asiyepakwa chumvi.

Maji hujaa mara mbili

Bahari ya Rufiji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Ghala kuu la Debian nalo hubadilika mara nne kwa siku, kila baada ya saa sita. Mafurushi mapya hupokelewa, faharasa huandikwa upya na kusainiwa, kisha nakala pacha duniani kote hupewa taarifa zije kuchukua. Zenyewe huchukua kilichobadilika tu. Aliyepanga bwawa mwaka 2000 ndiye aliyelirahisisha jambo hilo.

Nakala pacha za karibu zina faida kubwa kwetu. Tangu 2004 watoa huduma wa Tanzania wamekuwa na mahali pa kubadilishana data Dar es Salaam, TIX, ili ujumbe wa ndani usizunguke Ulaya ndipo urudi nyumbani. Kampuni ya Habari Node ya Arusha iliwahi kuweka nakala pacha ya Ubuntu, mfumo uliozaliwa kutoka Debian mwaka 2004, ili Mtanzania apakue kutoka Tanzania. Miaka ya mwanzo wengi wetu tuliipata Ubuntu kwa posta: mradi ulituma CD bure kwa kila aliyeomba, hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2011. Bahasha ile ilikuwa ghala dogo linalobebeka.

Ninachopendekeza kwa Kibiti, wilaya yenye delta hii, ni hatua inayofuata. Mji wa Kibiti uko kwenye barabara ya lami, takribani kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam. Kata za Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Msala na Salale ziko deltani. Kompyuta moja mjini, yenye diski ya terabaiti moja, inaweza kutunza nakala ya main kwa aina moja au mbili za kompyuta. Programu iitwayo debmirror huichukua pamoja na faharasa na sahihi zake, na baada ya mara ya kwanza huchukua tofauti tu. Kutoka hapo, mwalimu anayekuja mjini kufuata mshahara huondoka na diski mpya.

Na kwa shule isiyo na haja ya ghala zima ipo apt-offline. Kompyuta ya delta huandika orodha ya inachohitaji kwenye flashi. Flashi husafiri hadi penye mtandao, ambako kompyuta nyingine, hata iwe ya mfumo tofauti, hupakua vilivyotajwa. Flashi hurudi, na kompyuta ya delta husimika. Mnyororo wa ndugu umeshahesabiwa kabla mashua haijang'oa nanga. Ndicho alichoniuliza mwalimu safari ya kwanza.

Neno lenye mstari mwekundu

Saa sita mchana maji yalirudi. Mzee alikuwa amemaliza kufunga korja zake. Tulipita katikati ya mikoko, mikandaa na michu, na jioni tukafika. Siku ya pili Kalzium ilifunguka, na ndugu zake wote walikuwapo. Tukasimika LibreOffice, tukasimika hunspell-sw, tukachagua Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya maandishi.

Lazima niseme Kiswahili kilifikaje humo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Watu walikaa wakabishana neno gani liitwe nini, wakaandika orodha, wakaikabidhi dunia. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, bado ina menyu za Kiswahili hadi leo. Kilichowekwa ghalani na kupangwa vizuri hudumu kuliko mradi uliokizaa.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alikaa akaandika insha fupi kuhusu kwao. Maneno yalipita vizuri, sentensi baada ya sentensi. Alipoandika jina la kijiji chake, mstari mwekundu ukatokea chini yake. Akasimama, akanitazama.

"Mwalimu, nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Kamusi ndiyo isiyokijua kijiji chake. Nilimwonyesha jinsi ya kuliongeza neno, na mstari ukatoweka. Lakini ulitoweka kwenye kompyuta ile moja. Kwenye kompyuta iliyofuata, na kwenye kila kompyuta duniani, kijiji kile kilibaki kosa.

Hapo ndipo nilipouona upande wa pili wa ghala. Njia iliyolileta furushi hadi delta ina pande mbili. Neno likiandikwa vizuri na kupelekwa kwenye chanzo cha kamusi, mtunzaji atalipokea. Litaingia unstable, litasubiri siku zake, litapanda testing, litafungwa ndani ya toleo. Litapigwa nyundo. Litachukuliwa na nakala pacha kila saa sita, litashuka kwenye diski mjini Kibiti, litapakiwa Nyamisati, litavuka maji. Na siku moja mtoto mwingine wa delta ataandika jina la kwao, na chini yake hakutakuwa na mstari.

Tulikaa na mwalimu jioni ile tukaanza orodha: vijiji, mikondo, miti, samaki, vyombo vya uvuvi, kila neno kwa mstari wake, kwa alfabeti. Wanafunzi walituletea mengi kuliko tuliyotarajia. Niliporudi Nyamisati kwa maji ya asubuhi, ndoo ilikuwa na diski ile ile, na juu yake daftari moja la kurasa 48 lililojaa.